Maji ya Kuoshea Kilimia

Walisema siwezi. Mzee Litunu, balozi wetu wa nyumba kumi, alisema mbele za watu kwamba mtoto wa Kitangari hawezi kupima nyota inavyozunguka, kwa sababu hata wazungu wenyewe hawana hakika kama inazunguka. Bwana Mhando, mpiga picha aliyetoka Tanga akafungua duka lake Newala mjini, alisema nitammalizia dawa na karatasi zake na mwisho nitapata picha za mistari tu. Na Mama Zaina, aliyenipangisha chumba, alisema neno fupi lililoniuma kuliko yote: kwamba kijana aliyekaa Ulaya hawezi kupanda kutoka bondeni na debe la maji kichwani. Niliyaweza yote mawili, nyota na debe. Nayaandika haya nikiwa na diploma yangu ukutani, na wote watatu wameshatangulia. Wa mwisho ni Mama Zaina, tuliyemzika mwezi uliopita. Baada ya mazishi binti yake Zaina, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu, alinishika mkono akawaambia watoto waliokuwa wakichota maji bombani uani: “Msalimieni babu yenu Bwana Nyota. Huyu ndiye aliyekopa maji.” Watoto wakasema shikamoo, nikaitikia marahaba, lakini niliona machoni mwao kwamba hawakuelewa. Maji yanakopwaje? Mmoja alifungua bomba zaidi kidogo, kama anayetaka kunionyesha kwamba yapo.

Yalikopwa, mjukuu wangu. Mwaka ule mashine ya kusukuma maji ilikuwa imekufa tangu mvua zilipokatika, na kila aliyeulizwa alisema dizeli iko njiani kutoka Mtwara. Uwanda wetu hauna mto wala kisima. Maji yako chini bondeni, na njia ya kuyafuata inashuka mpaka magoti yanacheka. Wanawake waliondoka alfajiri na kurudi jua limekwisha kuwa kali. Ulikuwa ndio mwaka watu waliokuwa wametawanyika mashambani walipokuwa wakihamia kijiji cha ujamaa, wakibeba milango yao na kuku wao, na ng'ambo ya Ruvuma vita vya Msumbiji vilikuwa vikiendelea. Kutoka ukingoni mwa Newala uliuona moshi upande wa pili. Ndege za Wareno zilisikika mara kwa mara, tukaambiwa tufunike taa, na wakimbizi walifika wakiwa wamebeba watoto na vyungu. Katika hali hiyo mimi nilirudi nyumbani na nusu ya diploma.

Nasema nusu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimefaulu mitihani yote, tena nikiwa wa kwanza kati yetu tuliotoka Afrika, na hilo nalisema kwa kuwa hakuna mwingine atakayelisema. Iliyobaki ilikuwa kazi moja ya kuandika. Serikali ikatuita turudi kujenga nchi, nami nikapangiwa kufundisha hesabu. Profesa wangu, mtu mwenye maneno machache, alinipa bahasha nene ya filamu akasema: “Kamalizie huko. Nyota ni zile zile.” Padri mmoja aliyekuwa anakwenda likizo kwao alikubali kunichukulia kazi yangu, lakini angeondoka kabla ya mvua, maana mvua zikianza barabara ya kwenda Masasi inageuka uji. Nikimkosa padri, nimekosa kikao cha watahini. Nikikosa kikao, nusu yangu inabaki nusu. Na nusu ya diploma ni kama nusu ya daraja, hakuna anayevukia.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Nyota zote zinazunguka, kila moja kwenye mhimili wake, kama pia ya mtoto. Swali lilikuwa kama nyota nazo zinachoka: je, zikizeeka zinapunguza kasi? Nyota moja huwezi kuingoja izeeke, wanadamu wote wangekwisha kabla haijaota mvi ya kwanza. Lakini yako makundi ya nyota zilizozaliwa pamoja, na umri wa kundi hujulikana. Kilimia, kile kinachowaambia wakulima wetu wakati wa kupanda, ni kundi changa. Nyuma yake lipo kundi jingine lililokaa kama pembe za ng'ombe, nalo ni kubwa kwa umri, mara kadhaa. Halafu liko jua letu, mzee kabisa. Mwanga wa nyota ukipitishwa kwenye kioo cha kuupasua hutoa utepe wenye mistari myeusi. Nyota ikizunguka taratibu, mistari ni myembamba kama iliyochorwa kwa wembe. Ikizunguka kwa kasi, mistari inatanuka na kufifia, kama muhuri uliopigwa na mkono unaotetemeka. Bahasha yangu ilikuwa na tepe hizo, za nyota nyingi zinazofanana na jua, za kundi hili na kundi lile. Nilitakiwa kuzichapa kubwa kwenye karatasi, nipime unene wa mistari kwa lenzi, kisha nipige hesabu.

Na kuchapa picha kunataka maji. Hapo ndipo Bwana Mhando alipoingia. Duka lake lilikuwa na pazia lililochorwa ua na mlima wenye theluji, na nyuma yake chumba cha giza kilichokuwa zamani ghala la korosho. Harufu ya mafuta ya maganda haikutoka humo, ilichanganyika na ya dawa mpaka ukitoka ulihisi umekula sabuni. Taa nyekundu iliwaka kwa betri ya gari. Bwana Mhando alikuwa mtu wa utani, mwenye tumbo la mbele na koti la nyuma, na mwaka ule alikuwa na kazi nyingi ya picha ndogo za vitambulisho. Alinipa chumba saa za mchana baada ya shule. “Ila maji, mdogo wangu, uje nayo,” alisema. “Picha isipooshwa sawasawa, dawa inabaki ndani, na baada ya muda uso wa mtu unageuka manjano. Nimeshadaiwa na bwana harusi mmoja hapa kwa ajili hiyo. Nyota zako zikipata manjano usinitaje.”

Chumba changu kwa Mama Zaina kilikuwa na kitanda cha kamba, meza niliyoazimwa, na dirisha lililoangalia mikorosho. Ilikuwa majira ya korosho. Mabibo yaliyooza chini yalinukia mpaka kitandani, na nyumba ya jirani walikuwa wakitengeneza uraka, pombe ya mabibo, na kucheka. Jioni Mama Zaina alinipakulia ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, chumvi pembeni, na kikombe cha chai ambacho alikijaza nusu tu, kwa sababu ya maji. Jioni moja nilimsikia kupitia ukutani akizungumza na jirani yake, Mama Issa.

“Mpangaji wako anaosha nini huko kwa mpiga picha kila siku?”

“Anaosha nyota.”

“Kwani zimechafuka?”

“Mwenzangu, zimekaa juu miaka yote hiyo bila kuoga!”

Wakacheka mpaka mmoja wao akaanza kukohoa. Mimi upande wa pili niliendelea kutafuna mng'oko wangu. Leo nikikumbuka kicheko kile nakipenda. Siku ile nilikichukia, kwa sababu maji niliyokuwa nikioshea nyota ndiyo yaliyokuwa yamepunguzwa kwenye chai ya watu.

Kwa kuogopa macho ya watu nilianza kwa kubana. Nilichapa nyota tatu tu za Kilimia na tatu za kundi kubwa, nikaziosha kwa ndoo moja ya Mama Zaina, nikazipima. Jibu lilitoka kichwa chini miguu juu: vikongwe walikuwa wanazunguka kwa kasi kuliko vijana! Nilipima tena. Nikabadili lenzi. Vikongwe bado walikuwa mbele. Niliona daraja langu linazama. Kisha nikiwa darasani kesho yake, nikiwarudishia wanafunzi majaribio yao, mwanafunzi bora wa darasa la chini alikuwa amempita mnyonge wa darasa la juu, na nikasimama na chaki mkononi. Nilikuwa nimefundishwa jambo hilo Ulaya, lakini kufundishwa ni kitu kimoja na kuumwa ni kitu kingine. Nyota haikugeuzii ubavu kila mara. Nyingine imekugeuzia utosi, na nyota iliyokugeuzia utosi hata ikizunguka kama kichaa mistari yake inabaki myembamba, kwa kuwa hakuna upande unaokusogelea wala unaokukimbia. Nyota moja inadanganya. Tatu zinadanganya kwa pamoja. Ukizichukua nyingi, za kila mkao, uongo wa hii unafutwa na uongo wa ile, na wastani unasema kweli. Nilihitaji filamu zote bahashani. Kila filamu ilihitaji maji. Na padri alikuwa amekwisha kuanza kufunga masanduku.

Ndipo mgambo walipokuja. Mtu alikuwa amesema kwamba yupo kijana, karibu na mpaka, wakati wa vita, anayejifungia gizani na kuchapa alama. Nikaitwa kwenye baraza ya ofisi ya kijiji asubuhi ya Jumamosi. Mzee Litunu alikaa kwenye kiti, watu walisimama na madebe yao, mengi matupu, Bwana Mhando aliegemea nguzo akitafuna korosho kana kwamba hanijui. Mzee Litunu aliinua filamu moja juu akaitazama kwenye jua.

“Shikamoo, balozi,” nilisema.

“Marahaba. Hii ni nini? Naona reli.”

“Ni nyota, mzee.”

“Nyota ni duara. Mimi nazijua. Hii ni reli, na reli haipo Newala, ipo kwa Wareno.” Watu wakaguna. “Haya. Tuseme ni nyota. Wake zetu wanapasuka shingo kupandisha maji, wewe unayamwaga juu ya nyota. Si ungepima moja ukamaliza?”

Nilikuwa nimejiandaa kusema mambo makubwa ya sayansi. Yote yaliniruka. Kwa mbali, kutoka vichakani upande wa Chilangala, ngoma ya jando ilikuwa inasikika, kwa sababu yalikuwa ndiyo majira yake, na mdomo wangu ukasema wenyewe: “Balozi, wewe ni wa jando gani?”

Akashtuka kidogo. Kwetu, mtu mzima haulizwi miaka. Huulizwa jando lake, lenye jina la jambo kubwa la mwaka ule, na waliotoka jandoni pamoja ni rika moja mpaka kaburini. “Jando la nzige,” alisema, na kifua kilimtoka.

“Kilimia nacho ni rika. Nyota zake zimetoka jandoni siku moja. Lile kundi la nyuma yake ni rika jingine, la zamani. Mimi nataka kujua rika la zamani linacheza polepole kiasi gani kuliko rika la vijana. Sasa, nikitaka kujua jando la nzige lilivyo uwanjani, nimtazame mchezaji mmoja?”

Kabla balozi hajajibu, Mama Issa alidakia kutoka nyuma ya madebe: “Usimtazame mume wangu! Yeye ni wa jando la nzige, na hata alipokuwa kijana hakucheza, aliegemea mti!”

Baraza nzima ililipuka. Mume wa Mama Issa, aliyekuwepo, alifunika uso kwa kofia. “Na mwingine,” nikasema juu ya kelele, “anacheza vizuri lakini amekugeuzia mgongo kwenye vumbi, humwoni. Ndiyo maana lazima niwatazame wote. Nisipowatazama wote, nitasema jando la nzige halijui ngoma.”

“Linajua!” alisema Mzee Litunu kwa sauti kubwa mno, kisha akajikohoza. Alirudisha filamu bahashani taratibu, kwa vidole viwili. Ndipo nilipotamka yale maneno: kwamba wanikopeshe maji, kila nyumba inayoweza debe moja, na mimi nitayarudisha debe kwa debe, nikiyapandisha mwenyewe kutoka bondeni.

Hapo ndipo Mama Zaina alipocheka. “Wewe? Kwa shingo hiyo ya Ulaya? Hutaweza hata kwa siku moja.” Lakini debe la kwanza lilikuwa lake. Alikuwa amelipandisha alfajiri hiyo hiyo. Alilisukuma kwa mguu mpaka mbele yangu, akatazama pembeni. La pili lilikuwa la Mama Issa. Nyumba tisa zilinikopesha, ya balozi mwenyewe ikiwemo. Mzee Litunu, ili asionekane ameshindwa, aliweka sharti: maji yakishaosha nyota yasimwagwe, yapelekwe kufyatulia matofali ya zahanati. Ikawa hivyo. Mchana nilikuwa kwenye taa nyekundu, nikiona tepe zikijitokeza moja moja majini kama mtu anayeamka. Jioni vijana wa kijiji walikuja na pipa, wakalalamika kwamba tope linanuka, wakafyatua. Zahanati ile bado imesimama. Nimepita pale nikiwa na watu wakubwa kutoka wizarani, nikawaambia kwamba katika kuta hizi yamo maji yaliyooshea Kilimia. Wakadhani ni methali.

Nilimaliza kupima alasiri moja ya joto, shati likiwa limenigandia. Nilipiga wastani wa rika la Kilimia, nikapiga wa rika la zamani, nikaweka alama mbili kwenye karatasi ya mraba, kwa logi zile nilizokuwa nikifundisha shuleni. Kisha nikaweka ya tatu, jua letu, ambalo kasi yake inajulikana kwa kuangalia madoa yake yanavyosafiri. Nikapitisha rula. Sisemi niligundua mimi. Wenye darubini kubwa walikuwa wanaifuata sheria hiyo hiyo, na ndio wanaotajwa vitabuni. Lakini katika chumba cha udongo Newala, kwa maji ya kukopa, mstari wangu ulipita penye alama zote tatu. Nyota yenye umri mara nne wa mwenzake huzunguka kwa nusu ya kasi yake. Huo ndio utaratibu, mpole na mnyoofu kiasi hicho. Nyota inapumua upepo wake nje, kidogo kidogo, na kila inachokitoa kinaondoka na sehemu ya mzunguko wake. Inapungua kwa kutoa. Nilikaa na rula mkononi. Jua lile lililokuwa linaanika korosho za Mama Zaina uani lilikuwa zamani kijana, likizunguka mara nyingi kwa muda ambao sasa linazunguka mara moja. Lilikuwa na rika lake, nalo rika limetawanyika, na hakuna ajuaye ndugu zake wa jando wako wapi. Nimekwenda mbali tangu siku hiyo, nimefundisha wengi, nimekaa meza moja na maprofesa. Sijapata tena kukaa kimya namna ile.

Mama Zaina alinikuta nje magharibi ilipoingia. Kilimia kilikuwa kimeshachomoza mashariki, juu ya mikorosho. Yeye alikuwa anakitazama kwa haja zake. “Kimepanda,” alisema. “Mvua inakuja. Keshokutwa nasafisha shamba.”

“Mama Zaina, zile zinazunguka kwa kasi sana. Bado vijana.”

Alizitazama kwa muda mrefu, mkono kiunoni. “Na hili jua letu?”

“Limeshatulia.”

“Kwa nini?”

Nikamweleza habari ya upepo, kwamba linajimwaga kidogo kidogo njiani. Alitikisa kichwa polepole, asicheke safari hii. “Maskini,” alisema. “Kumbe na lenyewe limebeba.”

Padri aliondoka na bahasha yangu, na mvua ikanyesha juma lililofuata, mvua ya kutoboa paa. Mimi, kwa akili zangu, nikatega mapipa na madebe chini ya bati la shule, nikajaza yote, nikawatumia wadai wangu habari waje wachukue. Hakuja mtu. Nilipomwuliza Mama Zaina, alinitazama kama mtu aliyetaka kumlipa kwa mawe. “Masika kila mtu ana maji, mwanangu. Deni la kiangazi hulipwa kiangazi.” Basi nikangoja. Diploma ilifika kabla ya kiangazi kingine, ina muhuri mwekundu na jina langu limeandikwa sawasawa, na Bwana Mhando aliipiga picha bure mbele ya mlima wake wa theluji, akaiosha kwa maji yake mwenyewe, na mpaka leo haijageuka manjano.

Kiangazi kilipokomaa, mashine ya maji ikiwa bado imekufa, niliomba ruhusa shuleni, nikajifunga kata ya kanga kichwani, nikashuka bondeni na wanawake. Sijui kama pana mwenye diploma mwingine nchini aliyefanya hivyo. Walinitania njia nzima. “Bwana Nyota, leo unazunguka upande gani?” Shingo iliwaka, macho yaliona giza mchana, wanaume waliokuwa vibarazani walisimama kunitazama, lakini nilipanda. Kila siku nyumba moja. Mama Issa alipokea lake kwa vigelegele. Mzee Litunu alilipokea kwa mikono miwili, akamwambia kila aliyekuwepo kwamba yeye tangu mwanzo alijua nitaweza.

Mama Zaina nilimweka wa mwisho, kwa heshima. Nilitua debe mlangoni pake, jasho likinitoka, nikajisimamisha kama askari. Watu walikuwa wamekusanyika, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa namaliza deni lote. Aliinama. Akaingiza mkono ndani ya debe, akapima kwa vidole kutoka ukingoni mpaka yalipo maji. Vidole vinne.

“Umeharakisha,” alisema. “Umejimwaga njiani, kama hilo jua lako. Mimi nilikupa likiwa limejaa.”

Watu wakaangua kicheko. Nilimtazama nikitafuta utani machoni mwake, sikuuona. Nikajitwika lile lile, nikashuka tena. Nililijaza mpaka maji yakavimba juu ya ukingo, nikaweka jani la mgomba juu yake yasiruke, nikapanda polepole, hatua ya mzee, nikipitwa na watoto. Jua lilikuwa limeinama nilipofika. Watu wote walikuwa bado wapo. Mama Zaina aliondoa jani, akatazama, hakupima. Alichota kikombe cha kwanza, akaweka jikoni, akapika chai. Akanijazia kikombe mpaka juu.